Sahani za Mama zimetoka rangi ya maini

...ndiyo maana tangu asubuhi sijaweka picha ya zile sahani.

Zimeharibika zote. Na ni mimi.

Mnamjua mume wangu, mfinyanzi wangu, mikono mizuri kuliko yote hapa mtaani kwetu Kenya! Tangu ndoa anasaga mawe ya shaba, anatafuta rangi ya kupaka sahani, kijani cha maji ya ziwa la Pweto, kwao Mama. Kwa sababu ya Mama. Mama hakuja harusini, alisema: "Siwezi kupatia muntu wa kuchezea udongo mutoto wangu."

Mume wangu akacheka tu: "Nitamupikia ziwa yake mu sahani."

Juzi aliwasha tanuru. Alipoenda kuleta kuni zaidi, nikaona moto unakula kuni sana. Nikaziba tundu la hewa kwa tofali, kama tunavyofunika makaa kwenye jiko la mbabula yasiishe bure. Nikajiona bibi mwenye akili!

Leo tumefungua. Hakuna kijani. Nyekundu nzito, kama maini ya ng'ombe.

"Nani alifunga hewa?"

"Ni miye, chéri."

"Shaba ikikosa hewa inageuka hivi."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alikaa chini, kisha akasema polepole: "Kesho naenda Ruashi kuomba kazi ku mine ya shaba, kuchimba. Mama yako iko na haki."

Jamani, mikono ile ikabebe koleo? Nimelia mpaka macho yamevimba. Mngekuwa mimi, mngemwambia nini?

Mama, najua dada atakusomea haya. Mkwe wako hana kosa. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika Pweto, mimi na yeye, nikuambie mwenyewe.