Kurasa Nilizozigandisha

Kandambili za kaka yangu zilikaa mlangoni tangu alipotoka kwenda kuvua. Mama alikataza zisiguswe. Mtumbwi wake ulipatikana, yeye hakupatikana, na huu ulikuwa mwezi wa pili. Basi asubuhi nilipozikuta zimelowa, zina mchanga wa ziwani, nilirudi ndani nikakaa kitandani kwanza.

Hitima haikusomwa. "Mwana wanje, mwanangu, sijamwona amekufa," mama alisema, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Hakukuwa na turubai wala sufuria za pilau. Binti wa kaka yangu, miaka saba, ambaye mama yake aliolewa Kasulu zamani, aliambiwa baba amesafiri, yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Aliyemwambia ni mimi.

Nami ni mwalimu wa darasa la pili hapa Ujiji. Nina sanduku la vitabu vya hadithi: cha mtoto mwenye hasira, cha mtoto anayeogopa giza, cha mtoto anayemwonea wivu mdogo wake. Wazazi nawahubiria kila kikao: msiwadanganye watoto, someni nao, wataelewa. Mganga hajigangi. Binti yetu alipochagua kile cha msichana aliyefiwa na babu yake, nilitangulia nacho nyumbani, nikakoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto, nikazigandisha kurasa mbili za katikati, zenye jeneza na kaburi. Nikajiona nina akili sana.

Sasa hadithi ilitoka babu akiugua, ikarukia kofia yake imetundikwa ukutani.

"Shangazi, hapa babu kaenda wapi?"

"Kasafiri."

Aliupapasa ule ukurasa mnene kwa kidole, muda mrefu, kisha akafunga kitabu. Wiki hiyohiyo kandambili zikaanza kulowa.

Siku ya nne nilifuata nyayo. Upepo ulikuwa haujaanza, mchanga umetulia. Nyayo kubwa, kisigino cha kulia kimelika upande kama alivyokanyaga kaka yangu, zilitoka majini zikaja moja kwa moja hadi mlangoni kwetu. Zilikuwa za kuja tu. Za kandambili zile kwenda ziwani sikuona hata moja. Nilianza kusoma dua, midomo ikakwama katikati. Nilimwogopa ndugu yangu wa tumbo moja, na hilo linaniuma hadi leo.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilijibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Kukapambazuka. Aliyekuja alikuwa mtoto, miguu mitupu, kandambili amezikumbatia kifuani kama vifaranga. Aliingia majini bila kusita. Magotini. Kiunoni. Akazilaza juu ya maji, akazishikilia zisichukuliwe na maji, akaangalia milima ya Kongo.

"Baba, vaa uje," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Akasubiri. Kisha akaongeza hatua, maji yakamfika kifuani, na akaongeza nyingine. Nilikimbia na nguo zangu zote. Nilipomnyakua hata hakushtuka.

"Leo nilitaka nifike pale anaponiona," akaniambia. "Kalemie ni mbali?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Nilimbeba hadi nyumbani pamoja na kandambili, nikaziacha mlangoni, nikachukua kitabu, nikazilowesha kurasa kwa maji ya uvuguvugu na kuzibandua polepole. Zilichanika, lakini zilisomeka. Nikamsomea yote, jeneza na udongo na watu wakilia. Mama alikuwa mlangoni, anasikia.

"Baba yako pia amekufa," nikasema. "Amefia ziwani. Hayuko Kalemie. Nilikudanganya."

Alilitazama kaburi lililochanika.

"Nilijua humu ndani kuna mtu," akasema.

Ndipo akalia, nami nikalia naye. Alipotulia nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua: kwa nini alipokuwa akirudi alizivaa zile kandambili, kubwa namna ile?

Akamtazama bibi yake kwa aibu, kama aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Bibi analia chumbani," akasema. "Nilitaka akiona nyayo ajue baba amerudi."

Mama akainama, akaziokota kandambili, akaziingiza ndani.