Nilivyojifunza Kufika Chini

Utotoni mwangu, pale mtaa wa Mountain View, Nairobi, kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelibishia: ukiota unaanguka, uamke kabla hujafika chini. Ukifika chini, huamki tena. Sikumbuki ni nani aliyeniambia kwanza. Wasichana niliocheza nao kamba nyuma ya nyumba walilijua, wavulana walilijua, na nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita Susu, alilijua kuliko wote. Alikuwa amekuja kutoka Machakos kukaa nasi baada ya babu kufariki, na kila asubuhi alituuliza tulivyoota kama vile watu wengine wanavyouliza mmelalaje.

Huenda ningekua nikalisahau jambo hilo kama si kifo cha Mzee Kamande, jirani yetu wa nyumba ya pili. Jioni watu walimwona akikata ua wake, mzima kabisa, na asubuhi mkewe akashindwa kumwamsha. Watu wazima walisema ni moyo. Sisi watoto tulikutana karibu na tangi la maji, tukanong'onezana kwamba mzee alikuwa amefika chini. Nilipomuuliza Susu, nikitumaini atanikemea, alisema njia za usingizi ni nyingi na si zote zinazorudi nyumbani.

Likizo ya Agosti iliyofuata, baba alinichukua mjini. Alikuwa fundi wa lifti, na siku hiyo alikuwa na kazi katika jengo moja refu kando ya Moi Avenue. Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya paa. Alipomaliza, alinishika mkono akanisogeza kwenye ukuta mfupi uliozunguka paa ili nione jiji. Sikuona jiji. Nilitazama chini moja kwa moja, nikaona watu wakiwa vichwa tu, bila miili, wakisukumana barabarani. Nikamng'ang'ania baba mkono. Baba alicheka kwa upendo, akanirudisha kwenye ngazi.

Wiki hiyohiyo nilianza kuota. Nimesimama juu ya ukuta ule, miguu mitupu, na ukuta unalainika kama ugali ambao haujaiva. Ninateleza. Ninaanguka. Ninaamka nimekamata blanketi kwa mikono miwili, moyo ukinidunda masikioni. Ndoto hiyo ilirudi, ikarudi tena, na kila mara nilihisi kwamba niliamka nikiwa nimekaribia chini zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Dawa niliyoijua ni kutolala. Nilitafuna tangawizi kitandani, nikajifinya mapaja, nikakariri jedwali la kuzidisha kichwani. Shule zilipofunguliwa nilikuwa mtoto wa kusinzia. Asubuhi moja, tukiwa gwarideni, nililala nikiwa nimesimama, nikaanguka kifudifudi kwenye saruji na kupasuka kidevu. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alinikuta kwenye zahanati ya Kangemi tayari nimeshonwa. Nina kovu hilo mpaka leo. Nilianguka kweli kwa sababu ya kuogopa kuanguka usingizini, na hata kwa akili yangu ya darasa la tano niliona kwamba hapo kuna hesabu iliyokwenda upande.

Jumapili baada ya kanisa, Shangazi Ndinda, dada yake baba, alikuja kuniona. Alikuwa katibu katika ofisi ya mawakili mjini, mwanamke asiyeharakisha neno. Alinitoa nje, akaniketisha kwenye ngazi, akangoja mpaka nikamwambia yote: ukuta, Mzee Kamande, tangawizi. Hakunicheka. Aliniambia kwamba yeye aliwahi kusumbuliwa na ndoto alipokuwa chuoni, na kwamba alizizoea kwa kuziandika. Jumapili iliyofuata aliniletea shajara ya ofisi ya mwaka uliopita, yenye jalada gumu jeusi na kurasa tupu.

"Ukiamka usitikisike," alisema. "Usifungue macho, usigeuke, usimjibu mtu. Shika kipande chochote cha ndoto ulichobaki nacho, halafu ndio uandike."

Susu hakupendezwa. Kwa desturi yake, ndoto mbaya hutibiwa kwa kugeuza mto na kutema mate, na mtu haisimulii kabla hajanawa uso. Kwake, kuiandika kulikuwa sawa na kuigongelea msumari.

"Ndoto haiandikwangi," alimwambia shangazi mezani. "Ukiiandika umeiita na jina lake. Itakuja kuitika."

Baba alitazama chai yake. Mama alisema Wakristo hawapaswi kuogopa ndoto, ingawa niliona hakuwa na uhakika neno hilo liliunga mkono upande gani. Walibishana kwa upole, kwa muda, kama vile mimi sikuwepo. Mwishowe nikasema nitaandika. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka imara. Sikusema hivyo kwa kumdharau Susu. Nilikuwa nimemaliza njia zingine zote.

Asubuhi za kwanza sikupata kitu. Mama alivuta pazia, mwanga ukaingia, na chochote nilichokuwa nacho kikanitoka kama maji kwenye ungo. Nilimwomba asivute pazia. Nikajifunza kulala kimya nikiwa nimeamka, macho nimefumba, nikisubiri. Siku moja nikapata neno moja, "maji". Siku nyingine, "kitu cha kijani". Niliyaandika. Kisha yakaja mawili matatu pamoja, kisha sentensi, na kabla muhula haujaisha nilikuwa najaza ukurasa mzima nikitafuta nafasi pembeni. Niliandika kwamba nimemwona ngamia kwenye stendi ya Kangemi akila sukuma wiki, na kwamba mwalimu mkuu alikuwa amekuja kwetu kuomba unga. Huo ndio uliokuwa unafuu wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeamini kwamba usiku wangu wote ni kuanguka. Kumbe kuanguka kulikuwa kijumba kimoja katika mtaa mkubwa.

Shangazi alipokuja tena, aliniomba nimsomee ndoto za kuanguka pekee, moja baada ya nyingine. Nilisoma. Akanisimamisha.

"Kila mara unasema barabara imenyamaza," alisema. "Umewahi kusikia Moi Avenue ikiwa imenyamaza?"

Nilifikiri. Honi, makanga wa matatu wakiita abiria, wachuuzi, wahubiri wenye vipaza sauti. Nikasema hapana.

"Basi ukisikia ukimya huo, jua unaota. Na ukijua unaota, hiyo ndoto ni yako."

Nilishika neno hilo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mchana, nikitoka shule kando ya Waiyaki Way, nilijiuliza kama nasikia magari. Kabla ya kulala nilijiambia: nikisikia kimya, nitajua. Wiki zikapita. Niliota, nikaanguka, nikaamka, na ni kwenye ukurasa tu ndipo nilipogundua kwamba ukimya ulikuwepo na mimi nikaupita. Mara moja niliutambua kweli, nikafurahi kiasi kwamba furaha yenyewe iliniamsha. Nililia kwa hasira. Kisha nikaandika hayo pia.

Asubuhi yenyewe ilipofika haikuwa na dalili yoyote ya kuwa tofauti. Nilikuwa juu ya ukuta. Ukuta ulianza kulainika. Nikasikia kwamba sisikii kitu, na ndani yangu kitu kikasimama wima. Nikasema kwa sauti, "Hii ni ndoto."

Watu hudhani kwamba ukijua unaota hofu inaisha. Haikuisha. Nilijua naota, na vilevile nilijua kuhusu Mzee Kamande. Shangazi alikuwa amenifundisha kutambua ndoto. Hakuwa amenithibitishia kwamba chini hakuui. Ningeweza kuamka, nilihisi kitanda kikiwa karibu, kama mtu anavyohisi mlango gizani. Lakini nilijua pia kwamba nikiamka, ukuta utanisubiri kesho, na keshokutwa, na nitaanguka tena gwarideni. Nilikuwa nimechoka. Nikainua mguu, nikajiachia mwenyewe.

Nilishuka polepole kuliko nilivyotarajia. Madirisha yalipita. Katika dirisha moja mwanamke alikuwa akipiga chapa, hakuinua uso. Lami ikaja, kubwa, nyeusi, nikaikunjulia miguu. Nikafika.

Ilikuwa na joto. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote, joto la lami ya mchana chini ya nyayo zangu. Nilisimama katikati ya barabara, mzima, nikatazama juu, nikaona ukuta ukiwa mwembamba kama uzi. Nikalitaja jina langu, Mwende, ili nisikie kama bado nipo. Kisha nikaamka, jua limeshaingia chumbani, Susu akichochea makaa ya jiko huko nje.

Niliandika kwanza. Halafu nikaenda kumwambia kwamba nimefika chini.

Aliweka sufuria ya chai motoni. Alinishika uso kwa mikono yake iliyonuka moshi, akanitazama jicho moja, akatazama la pili, akagusa shingo yangu mahali mshipa unapopiga. Kisha akaketi juu ya kigoda.

"Ulikanyaga?"

"Nilikanyaga, Susu. Na miguu yote miwili."

"Kukoje?"

"Kuna joto. Hakuna mtu."

Chai ilipofurika, aliiepua. Ndipo akaniambia kuhusu kisima cha kwao. Tangu akiwa msichana amekuwa akiota anatumbukia ndani yake, na maisha yake yote, ameolewa, amezaa, amezika mume, ameamka kabla ya kugusa maji. Hakuwa amemwambia mtu. Nilimtazama mwanamke huyo niliyemdhani haogopi kitu, nikaona kwamba onyo lake halikuwa la kunitisha. Alikuwa akinipa kile kilichomfikisha uzeeni akiwa hai.

Baada ya hapo aliniomba niandike na zake. Alikuwa amezoea kusema kwamba wazee hawaoti. Asubuhi za mwanzo alikuwa na vipande tu, kisha vikaungana, na siku moja akanisimulia ndoto ya babu akicheka, ndefu, hata tukachelewa, mimi shule na yeye jikoni. Hakuwahi kujua ndani ya ndoto kwamba anaota, alijaribu, haikumjia. Lakini aliacha kukurupuka usingizini.

"Leo nimeangalia maji," aliniambia asubuhi moja. "Nimeona uso wangu. Wa msichana."

Sasa mimi ni mtu mzima, na nimeishi na tabia hii kwa kuiacha na kuirudia. Nikiacha kuandika, ndoto hunipotea. Nikirudi, nazo hurudi, baada ya siku chache za ukame. Kwa hilo sina shaka. Kujua nikiwa ndani kwamba naota ni jambo jingine. Huja kwa nadra, halilazimishwi, na nimeona watu wenye bidii kuliko mimi wakiandika miaka bila kulipata. Kwa hiyo anayeniuliza humwambia aandike ili akumbuke, na hilo lingine alisubiri bila kulidai.

Siwacheki waliotufundisha kwamba chini ni mwisho. Walikuwa wameamka mapema kila mara, nao waliamini kuamka huko ndiko kulikowaokoa. Ilibidi mtu mmoja wa nyumba yetu aende mpaka pale na kurudi na habari. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa. Bado naogopa mengi. Ila siku hizi, kabla sijaamini kwamba jambo litaniua, kwanza huuliza nani amefika huko akakanyaga.