Mtu wa Uzito kwenye Mashua ya Ikola

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kila ikinijia nasikia maji masikioni. Nilikuwa kijana kama wewe, nguvu tele na kinywa kimefungwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Litapunga kwenda Ikola, ziwani, kutafuta kazi. Kwetu tulijua mahindi, mihogo na mizinga ya nyuki. Maji tuliyoyajua yalikuwa ya kisimani na ya kijito kinachokauka kiangazi. Ziwa Tanganyika nililiona mara ya kwanza nikiwa juu ya magunia kwenye lori, nikadhani mbingu imeshuka mbele ya barabara.

Nilipata kibarua cha kuanika dagaa na kubeba magunia. Sisemi watu wa Ikola walikuwa wabaya. Walinisalimia asubuhi, wakanisalimia jioni, wakanipa jina, Mkonongo, kwa kabila langu, kisha kila mtu akaingia kwake. Nilikula peke yangu chumbani. Nyumba ya jirani walikuwa watu wa kucheka sana wakati wa chakula, na mimi nilikuwa naacha kutafuna ili nisikie wanacheka nini. Sikuwahi kusikia vizuri.

Aliyenitoa humo chumbani ni mzee mmoja mfupi, nahodha, tukimwita Baba Asha. Aliniona nikiinua gunia peke yangu, akamwambia kijana wake wa mashuani, "Huyu anatufaa. Mzito kama jiwe la nanga." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Usishangae, mwanangu. Mtu mwenye kiu haulizi kikombe.

Wakati huo, kabla injini hazijajaa ziwani, kila kiangazi Ikola na Karema walishindana kwa mashua za tanga. Mashua ya Baba Asha iliitwa Waache Waseme. Ilikuwa nyembamba, na chini ilikuwa na mkuku mrefu, ule uti wa mgongo wa mashua, uliofungwa vyuma ili isipinduke. Lakini tanga lake lilikuwa kubwa kuliko mkuku wake, kwa hiyo upepo ukikaza alihitajika mtu wa kukaa ukingoni, upande unakotoka upepo, ajirushe nyuma mgongo ukaribie maji, kuirudisha mashua isimame. Huyo aliitwa mtu wa uzito. Ndiye niliyekuwa mimi. Baba Asha alishika usukani, na Gervas, kijana wa kabila la Wabende mwenye maneno mengi, alishika demani, kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Tulikuwa watatu tu. Na zawadi ya mshindi ilikuwa turubai jipya la kushona tanga. Letu lilikuwa viraka juu ya viraka, na msimu wa kuvusha mizigo ulikuwa mbele yetu. Bila turubai lile, Baba Asha na Gervas wangekaa nchi kavu.

Jioni ya kuamkia mashindano tulikaza kamba za mlingoti. Kamba zenyewe zilikuwa za katani, na katani ina tabia yake: ikilowa hufupika, ikikauka hulegea. Mgeni huikaza ikiwa kavu, akajisifu. Akifika katikati ya ziwa, mawimbi yakiilowesha, inajikaza yenyewe mpaka mlingoti unalia, na wakati mwingine unavunjika. Kwa hiyo Baba Asha alizimwagia maji kwanza. Kisha akatuambia tupande, kila mtu akae mahali pake pa kesho, maana mashua tupu haikai majini kama mashua yenye watu. Ndipo akakaza, akiigonga kila kamba kwa kidole na kuinamisha sikio.

Gervas naye alipewa somo lake la tanga kwa mara ya mia. Lilegeze mpaka ukingo wa mbele utetemeke, kisha livute kidogo mpaka linyamaze, hapohapo uliache. Ukilivuta zaidi litapendeza macho, lakini mashua itakuwa imekufa. Na likitetemeka tena usilikasirikie, ndivyo tanga linavyosema shida yake.

Basi tukiwa tumekaa vile, Gervas akaniambia jambo ambalo sikulijua. Pale mwisho, karibu na ufuko, kilima huukinga upepo na mashua huwa nzito. Desturi yao ni kwamba mtu wa uzito anaruka majini ili mashua iwe nyepesi, anaogelea mwenyewe hadi nchi kavu. Akitoka, mama wa nyumba mojawapo anamfunika kanga mbele ya watu wote, na siku hiyo anakula kwao. Tena tangu siku hiyo huwa ni mtu wa nyumba hiyo. Mlango wake haupigiwi hodi ya mgeni.

"Kanga yako iko kwa mama," Gervas akasema. "Na nimemwambia aongeze unga. Nyie watu wa Litapunga mnakula kama mnahama."

Nikacheka. Mwanangu, nilikuwa sijui kuogelea hata kidogo. Na hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Tulikuwa watatu, jioni, mashua imefungwa gatini, hakuna haraka. Nilifungua kinywa, nikaona kile chumba changu na sahani moja, nikakifunga. Niliogopa wakijua watatafuta mtu mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi upepo ulitoka kusini, umenyooka. Sitasahau mwendo ule. Mashua ililala upande, nikajirusha nyuma hadi nywele zikagusa povu, na kamba ya mlingoti kando ya sikio langu ikaimba sauti moja isiyokatika. Gervas hakuondoa macho ukingoni mwa tanga. Alikuwa akilegeza, akirudisha, akilegeza, kama mtu anayembembeleza mtoto. Karema walibaki nyuma yetu. Ufukoni nikaanza kuona rangi za kanga.

Kisha tukaingia kwenye kinga ya kilima. Tanga likalegea. Nyuma yetu mtu wa uzito wa Karema akaruka, na mashua yao ikaanza kutufikia. Baba Asha akasema bila kugeuka, "Mkonongo, ruka."

Nikatazama chini. Unalijua ziwa lile lilivyo safi. Niliona mawe, niliona hata kivuli cha mashua juu ya mawe, kama niko juu ya beseni. Nikajiambia: nitasimama, maji yatanifika kifuani, nitatembea hadi kwenye kanga yangu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Niliruka kwa miguu, nikaenda, nikaenda, na mawe hayakunikaribia.

Sina mengi ya kusema kuhusu kule chini. Ni mahali pa upweke kupita chumba chochote. Nilichojua baadaye ni kwamba Gervas aliona povu bila kichwa. Aliachia demani na kujitupa. Tanga likabaki linapigapiga ovyo, mashua ikasimama, na Karema wakapita kando yake wakiimba. Turubai likaenda.

Nilitapika maji ufukoni mbele ya umati. Mama yake Gervas alikuja mbio na ile kanga, akamfunika mwanawe, kama mama yeyote angefanya. Kanga yenyewe ilikuwa kipande kimoja tu. Mimi nilikaa mchangani nikitetemeka. Nilitegemea matusi, lakini Gervas, pumzi zikimkata, akasema tu, "Ungesema. Tungebadilishana. Wewe ungeshika demani, mimi ningeruka."

Hilo ndilo lililonivunja, mwanangu. Dawa ya jambo langu ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

Baba Asha alifika akiwa anavuta mashua mwenyewe kwa kamba. Akasimama juu yangu. "Umekaa kwetu tangu mvua," akasema. "Mchana kutwa uko na sisi. Ukakosa hata mtu mmoja wa kumwambia huogelei?" Akatazama watu waliosimama pale, mmoja mmoja, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na sisi hakuna aliyemwuliza." Akaenda kukunja tanga lake bovu.

Nilirudi chumbani nimelowa. Msimu ule walivusha mizigo michache, karibu na pwani tu, kwa viraka vile vile. Hawakunifukuza. Gervas alinifundisha kuogelea asubuhi asubuhi, kiganja chake chini ya kidevu changu, akinitukana bila kupumzika. Ndiye rafiki niliyempata ziwani. Baadaye alivuka kwenda upande wa Kongo kwa biashara, akaoa huko, akabaki huko. Habari ya kifo chake nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua.

Siku hizi niko hapa Sitalike. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, nyumba ni kubwa, na barabara inapitisha watu wanaokwenda kutazama wanyama mbugani. Binti yangu Paskalia hupiga simu kutoka Mwanza kila Jumapili. Huniuliza, baba unaendeleaje, nami humjibu salama, kisha tunazungumzia mvua. Miaka imekwenda hivyo. Jumapili iliyopita aliuliza kama kawaida, nikajisikia nasema, "Si salama, mama. Niko peke yangu mno." Kisha akasema, "Baba, mbona hukusema? Mimi nilidhani unapenda utulivu." Anasema atakuja wakifunga shule. Huenda atakuja, huenda kazi itamshika. Lakini usiku ule nililala.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe unayefungasha begi kwenda kutafuta maisha usikojulikana. Ukifika ugenini, chagua mtu mmoja, umwambie usichokiweza, tena mwambie mapema, mkiwa bado nchi kavu. Aibu ya kusema hudumu muda wa kusema. Ya kuficha hulipwa na wenzako. Usidhani ukimya wako ni heshima kwa watu. Mara nyingi unawanyima nafasi ya kukufaa. Nawe utakapokuwa mwenyeji, ukimwona mgeni kwenye kazi yenu anacheka kila mnapocheka, usimwachie salamu peke yake. Muulize. Huenda anangoja kuulizwa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokutenga na watu. Akupe nyumba ambayo ukibisha hodi watakujibu kwa jina lako, na siku utakapolemewa, akupe sauti ya kusema, na sikio la mtu lililo karibu.