Sifa Haitoki

Mwanabibi wa Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kisimayu, Somalia, alikuwa na kazi ambayo wanawake wenzake waliikimbia: kupika sifa. Mtu wa bara akisikia sifa atadhani ni kusifiwa tu, lakini kwa watu wa pwani neno ni hilo hilo kwa mafuta ya maini ya papa, yale wanayopaka mbao za vyombo zisioze. Maini unayakatakata, unayatia debeni, unayaacha juani mpaka yalainike, halafu unayapika. Harufu yake Mungu atuepushe nayo. Ukishika sifa asubuhi, mchana wali wako utanuka sifa, na usiku mtoto atageuza uso akatae kunyonya. Mwanabibi aliizoea. Hata mumewe, Gharibu, fundi wa mashua, baba wa binti yao Lubna, hakuwahi kuziba pua mbele yake. Akiulizwa na wenzake anavumiliaje, hujibu, "Hayo ndiyo marashi ya nyumbani kwangu."

Miaka yote Gharibu alijenga mashua za watu. Mwishowe akajijengea yake, mbao za kuchagua, misumari ya kuchagua, na Mwanabibi akaipaka sifa kwa mkono wake, ubao kwa ubao. Ikateremshwa majini mwaka wa tisini ukielekea kwisha. Hata rangi haijakauka sawasawa, akatokea Abdulrazaq.

Huyu Abdulrazaq alikuwa mtoto wa ami yake Gharibu, mfanyabiashara wa Kisimayu, mwenye kanzu isiyokunjika na maneno yasiyokwisha. Alikuja na pikapu mpya nyeupe, viti bado vimevaa nailoni, akataka wabadilishane: gari kwa mashua.

"Ndugu yangu, samaki wako wanaozea ufukweni," alimwambia Gharibu. "Gari hili litawafikisha bara, Afmadow, wangali wanakodoa macho. Mashua ya nini tena? Wewe fundi, utajenga nyingine."

Gharibu akapenda. Lakini fundi ni fundi. Alijilaza chini ya gari kama anavyojilaza chini ya mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, akatoka uso umekunjamana. Ekseli ya nyuma ilikuwa inavuja. Mafuta yalikuwa yamechora mchirizi mweusi upande wa ndani wa magurudumu yote mawili, na chuma kizima cha chini kilikuwa na kutu nyekundu, nyepesi, kama pumba.

"Abdulrazaq, gari jipya hili linavuja mafuta?"

"Hilo ni jasho, bwana! Gari jipya ni kama bibi harusi, siku za mwanzo lazima litoke jasho."

"Na kutu?"

"Upepo wa bahari tu. Nani Kisimayu asiye na kutu? Hata mimi magoti yanalia."

Watu wakacheka. Mwanabibi hakucheka. Alikuwa amechutama karibu na gurudumu, pua mbele. Akamvuta mumewe kando.

"Baba Lubna, gari hili linanuka sifa."

"Ni wewe unayenuka sifa, mke wangu."

"Mimi nanuka sifa yangu. Hii ni ya mtu mwingine, haijaiva vizuri. Kuna mchu kaipaka chini huko," alisema, maana kwa Kibajuni chao mtu ni mchu. " Gari halipakwi sifa ila lina kitu linaficha."

Gharibu akamshika bega, akacheka kile kicheko chake cha upole. Abdulrazaq ni damu yake, alisema, na damu haiwezi kumuuza. Mkono ukapewa mkono, mashua ikaenda, gari likabaki.

Uvujaji ule Gharibu aliukabili kwa akili ya kwao. Chombo kikivuja unakikalafati: unachovya pamba kwenye sifa, unaipenyeza kwenye ufa kwa patasi na nyundo, kwisha. Basi akakalafati ekseli. Abdulrazaq alipopita akamkuta nayo, akampigia makofi. "Ndiyo maana naitwa ndugu yako! Hata Wazungu hawana akili hii!" Pamba ikashika mafuta siku kadhaa, Gharibu akaridhika, na Abdulrazaq akaenda zake akifuta kicheko kwa leso.

Miezi haikupita mingi, vita vikashuka Kisimayu. Walioshika bunduki waligombana wao kwa wao, lakini wote walijua njia ya nyumba za Wabajuni, kwa kuwa Mbajuni hakuwa na bunduki wala wa kumlilia. Wa kwanza kung'oa nanga alikuwa Abdulrazaq. Aliondoka ndani ya mashua ya Gharibu, yeye na mkewe na binti yao na majuba yake na hata kabati la vyombo, na hakumwita mtu. Hapo ndipo Mwanabibi alipoelewa. Mtu yule alikuwa amesikia mapema kuwa barabara zitafungwa na bahari ndiyo itakuwa mlango.

Wao wakabaki na gari. Gharibu akawapakia majirani, wanawake mbele, wazee na watoto nyuma, Lubna akiwemo, pamoja na jirani yao Zaituni na kaka yake Mahdi, wakashika njia ya Liboi, mpakani mwa Kenya. Walipita Afmadow salama. Mbele kidogo, porini, gurudumu la nyuma likaanza kulia, kisha kutoa moshi, kisha likakwama kabisa. Ekseli ilikuwa kavu. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika njiani, na pamba ilikuwa imeungua ikawa jivu.

Gharibu alikuwa bado amelala chini ya gari, mikono ndani ya moto wa chuma, pale wenye bunduki walipofika. Walitaka vitu, wakapewa. Wakataka wasichana. Gharibu na Mahdi wakasimama mbele yao. Wakauawa pale pale, na wengine wakanusurika kwa sababu gari jingine lilitokea kwa mbali, wale watu wakakimbia. Gharibu na Mahdi walizikwa kando ya njia, kwa mikono ya wanawake. Mwanabibi alimfuta mumewe uso kwa upindo wa leso yake, na sifa ilikuwa bado kwenye vidole vyake marehemu. Hakulia. Akamwahidi, kimya kimya, kwamba Abdulrazaq atalilipia gari lile, na ahadi hiyo ndiyo iliyomtembeza mpaka mpakani.

Kufika Mombasa, kambini Jomvu, akakuta balaa la pili. Zaituni alikuwa na uchungu wa kaka yake na hakuwa na wa kumtupia, akamtupia marehemu.

"Mchu kaziba gari na pamba!" alisema kwenye foleni ya maji, kila mtu asikie. "Gari jipya, limetoka kiwandani, mumeo kalifanya mashua! Kamuua ndugu yangu kwa ujinga!"

"Gari lilikuwa bovu, Zaituni. Lilipakwa sifa chini."

"Sifa? Nani aliiona?"

"Mimi niliinusa."

"Pua yako ndiyo shahidi? Haya, ipeleke mahakamani!"

Kambi ilikufa kwa kicheko. Tangu siku hiyo Gharibu akaitwa Fundi Pamba. Watoto walilicheza jina hilo. Fundi aliyejenga vyombo ambavyo mpaka leo vinaelea, jina lake likawa mzaha wa foleni ya maji. Mwanabibi angeweza kusamehe mashua. Jina hapana. Alitaka Abdulrazaq aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba ubovu wa gari lile aliujua. Basi. Na akisema, aumie.

Akarudi kwenye debe lake. Wavuvi walimletea maini, akawa anapika sifa nyuma ya mahema, majirani wakilalamika, yeye akiwajibu, "Funga pua, mdomo uupumzishe."

Abdulrazaq naye alinenepa. Mashua ya Gharibu ilimbebea mizigo mpaka akawa na nyumba Kisauni. Idi moja alimpelekea Mwanabibi kibaba cha mchele, akaona wamemalizana. Miaka ikaenda, akawa anamwoza binti yake, Rawda. Kwao harusi haiwi harusi bila vugo, wanawake wakipiga pembe kwa vijiti na kuimba, na kabla bibi harusi hajatoka, mwanamke wa ukoo lazima amsifu baba yake mbele ya wakwe. Abdulrazaq akapeleka ujumbe kambini: "Mwambieni shemeji yangu Mama Lubna aje yeye. Ulimi anao. Aje animwagie sifa."

Hakuomba hivyo kwa mapenzi. Mjane wa Gharibu akimsifu hadharani, nani tena atauliza habari za gari?

Mwanabibi aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, akamwuliza mjumbe, "Kasema nimmwagie?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie nakuja. Nitammwagia."

Alichagua maini mabaya kuliko yote, ya papa wa juzi aliyelala, akayaacha juani mpaka kuku wa kambi wakahama. Akayapika, akayajaza ndoo yenye kifuniko, akaifunga kwa kanga mpya. Alasiri ya harusi akaingia uani Kisauni amepaka wanja, ndoo kichwani. Watu walidhani ni zawadi ya mahamri.

Nje ya mlango lilisimama gari jipya la Abdulrazaq, jeusi, limepambwa maua, viti vimevaa nailoni, milango wazi likimngoja bibi harusi. Mwanabibi alitua ndoo, akachutama, akatazama chini. Ekseli haivuji hata tone. Kutu hata punje hakuna. Safari hii mtu yule alijinunulia zima. Kama alikuwa na huruma iliyobaki, iliishia hapo.

Pembe zikalia. Abdulrazaq akasimama kando ya gari lake, mkono juu ya paa, tumbo mbele, wakwe wamejipanga.

"Karibu, shemeji!" alisema. "Usinibanie leo. Nimwagie!"

"Nikumwagie sifa, Abdulrazaq?"

"Nimwagie zote!"

"Mmesikia wenyewe," Mwanabibi aliwaambia wakwe.

Akafungua ndoo. Nyingine ikaenda kwenye viti vya mbele, nyingine viti vya nyuma, na iliyobaki akaikung'uta kwenye kanzu ya Abdulrazaq. Nailoni haikusaidia kitu, sifa ilipenya kwenye mishono ikazama kwenye sponji. Harufu ikapanda. Wakwe wakarudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto, mzee mmoja akatapika kwenye maua. Rawda alikuwa bado ndani ya nyumba, na Mwanabibi alikuwa amehakikisha hivyo. Mtoto hakumkosea kitu.

"Leteni maji! Sabuni!" watu walipiga kelele.

Abdulrazaq alikuwa amerukwa na akili, anapangusa viti kwa kilemba chake. "Sabuni ya nini, wajinga nyie! Sifa haitoki! Haitoki, najua mimi! Lile la Gharibu nililipaka chini tu, kidogo tu, kuua kutu ya maji ya chumvi, na mikono ilininuka mpaka Idi! Hii imo ndani ya viti, haitoki!"

Wapiga pembe walisikia kila neno.

Zaituni, aliyekuja na wapiga vugo wa kambini, alitoka katikati ya wanawake, kijiti cha vugo mkononi. "Maji ya chumvi gani, Abdulrazaq?"

Akatazama huku na huku. "Mimi... lile gari... jahazi lililolileta lilipanda mwamba, maji yaliingia kidogo..."

"Lilizama?"

"Halikuzama! Lililowa!"

"Na ekseli? Ukamwangalia Gharibu anaziba na pamba, ukampigia makofi?"

Mkwe mkubwa aligeuka akaenda kuegemea ukuta wa mbali. Mwanabibi alifunika ndoo yake tupu, taratibu, kama anayefunika chungu cha wali.

"Umenisaidia kazi," alimwambia. "Nilikuja kukusifu, ukajisifu mwenyewe."

Zaituni alimfuata mpaka barabarani, kijiti bado mkononi. "Mama Lubna. Nisamehe, dada yangu."

"Mimi hukuniita Pamba. Kambini uliimba, kambini ukaimbue."

Na Zaituni akaimbua. Siku ya pili asubuhi, kwenye foleni ile ile ya maji, alisema yote kwa sauti ile ile, akataja jina kamili: Gharibu, fundi wa Chovai. Aliyesema Pamba baada ya hapo alimwagiwa ndoo yake.

Rawda aliolewa, alikwenda kwa mumewe kwa teksi. Gari jeusi halikupata mnunuzi. Liliachwa nje ya nyumba Kisauni milango wazi, paka wa mtaa mzima wakalala ndani. Mwanabibi alikuwa na shughuli nyingi, lakini kila alipokwenda mjini alipita njia hiyo, ingawa si njia yake. Alikuwa anasimama kando ya dirisha, anavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa asumini, na akimwona Abdulrazaq kibarazani humwuliza kwa adabu:

"Shemeji, imetoka?"