Jumatatu Si Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinitupia faili mezani. "Soma. Humu kila kitu kimo." Hakikuwamo. Nimeshastaafu, na faili lile bado linanitia hasira.

Nilikuwa nimerudi Dodoma kutoka Uarabuni, nikiwa na miaka minane ya mitambo na stashahada niliyoisomea jioni baada ya kazi, bila kubebwa na mtu. Kampuni yetu ilitengeneza koki za umeme za kumwagilia mizabibu. Kila koki ina kompyuta ndogo yenye saa ya maunzi, yaani kijisaa chenye betri yake, kinachohesabu hata kompyuta ikilala. Programu haiigusi saa hiyo moja kwa moja; hukiomba kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya ndani kabisa inayoamuru vifaa vyote. Faili lilieleza namna ya kuomba. Kuhusu siku ya kufungua koki, lilisema maneno matatu tu: "Namba ya siku."

Zamu ya maji ya Mama Ndahani wa Hombolo ilikuwa Jumatatu. Nikaandika 3. Mswahili gani angeandika nyingine? Jumamosi mosi, Jumapili pili, Jumatatu tatu.

Kumbe kiini huanza na Jumapili, tena kwa sifuri. Tatu yake ni Jumatano, zamu ya jirani. Koki ikafunguka Jumatano, jirani akapiga kelele, na kamati ya maji ikamwita mama wa watu mwizi. Ikataka kumfuta kwenye orodha ya zamu.

"Fundi, hiyo koki yako sijaigusa," aliniambia. "Wakinifuta, mizabibu hii nitainywesha mate?"

Nilipolijua kosa, nilimwendea Mhandisi Mkuu. Hakuinua hata kichwa.

"Waambie mama aliichezea. Na wewe, mtu wa digrii angejua."

"Angejuaje kisichoandikwa, Mhandisi? Wiki yetu ina tano mbili: Jumatano, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Digrii ingechagua ipi?"

"Endelea kubishana. Kazi utaiacha."

Nikaenda kwenye kamati. Nikasema mbele ya wote kwamba namba ile niliiandika mimi, si mama.

Mwenyekiti akacheka. "Kwa hiyo mwizi ni kalenda?"

"Mwizi ni faili, Mwenyekiti."

Mama akabaki kwenye orodha. Mimi sikufukuzwa, kwani nani mwingine angezirekebisha koki zote tulizokwisha kufunga? Nikaongeza sentensi moja kwenye ule ukurasa wa faili: "Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, hadi Jumamosi ni 6; usifuate jina la siku." Mhandisi Mkuu akaitia sahihi yake, kana kwamba yeye ndiye aliyesimama mbele ya kamati.

Vijana, mkiambiwa jambo liko wazi, ulizeni: wazi kwa nani?

Koki ya Mama Ndahani hufunguka Jumatatu mpaka leo. Sahihi ni ya mkubwa. Sentensi ni yangu.