Fundi Haula na Kufufuka kwa Bi Esa

Haula Mwinyimadi amepiga magoti mchangani, mkono mmoja umezama chini ya tangi la pikipiki, mwingine unapapasa nyuma kutafuta bisibisi. Kanga ameifunga kiunoni, juu ya suruali iliyolowa grisi. Waendesha mota, kama pikipiki zinavyoitwa hapa, wanasubiri zamu chini ya paa la bati, na hakuna anayemharakisha. Mji mzima wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, unajua kwamba ukimharakisha Fundi Haula, anakupa bisibisi ujitengenezee mwenyewe.

"Mnyororo wa huyu umelegea kama mkanda wa mtu aliyefunga Ramadhani," anasema bila kugeuka. Vijana wanacheka.

Nyuma yake, penye kivuli kizuri kuliko chote, imesimama pikipiki ambayo si ya mteja. Ni nyeusi, nzito, ya umbo la kizamani. Kwenye tangi zimepakwa kwa mkono herufi tatu: BSA. Watoto wa mtaa wa enzi hizo walizisoma kama jina la mtu, na jina likakaa. Bi Esa.

"Alipokuja kuniposa alikuja naye," anasimulia Bi Chamima, mama yake Haula, huku akichekea ndani ya ushungi. "Nimeolewa, nimemkuta. Asubuhi mume anampangusa yeye kwanza, ndipo anakumbuka kuuliza chai. Nikasema haya, kumbe mimi ni mke wa pili."

Mume huyo ni Mzee Mwinyimadi, mwenye umri wa miaka sabini na moja sasa. Aliinunua pikipiki hiyo Mtwara ujanani mwake. Ilikuwa moja ya zile zilizoachwa na Waingereza, na tayari ilikuwa imezeeka. Akavuka nayo mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akafanya biashara ya vitenge na samaki wakavu kati ya Namoto na Palma. Barabara ikiwa tope, magari yakikwama, wagonjwa walipandishwa juu ya Bi Esa. Wapo watu wazima hapa mjini waliofika hospitali kwa pikipiki hiyo wakiwa bado tumboni mwa mama zao.

Machi 2021 mji uliposhambuliwa na waasi, familia ilikimbia na nguo za mwilini. Bi Esa alibaki chini ya banda la makuti. Banda likaungua, na nyumba nayo.

Walipofika mji wa Pemba, kusini zaidi hukohuko Msumbiji, kama wakimbizi, Mzee Mwinyimadi alinyamaza. Alikula akipewa, alisali, alilala. "Watu walikuwa wanalilia ndugu zao," anasema leo, akitazama upande usio na mtu kwa sababu macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. "Mimi nitasemaje kwamba nalilia pikipiki? Niliona haya."

Haula ndiye aliyetoka kutafuta riziki. Alianza kwa kuuza maandazi mbele ya oficina, yaani gereji, ya fundi mmoja aitwaye Lázaro. Siku moja akamsikia akilaani injini isiyowaka. Akaweka beseni chini, akasema, "Baba yangu angekwambia usafishe plagi kwanza." Lázaro akampa plagi. Tangu siku hiyo maandazi yakawa yanauzwa na mama yake.

Haikuwa rahisi. Wateja wengine walidai wahudumiwe na mwanamume. "Lázaro aliwajibu kwamba mwanamume ameenda kula," Haula anakumbuka. "Wakirudi wanaikuta mota yao inanguruma, wanaona aibu kuuliza nani kaitengeneza."

Familia iliporudi Palma, Haula alimkuta Bi Esa kwenye majivu ya banda: bila kiti, bila matairi, nyaya zimeyeyuka, kutu imemla. Lakini injini ilikuwa ya chuma kizito, na chuma kilikuwa kimesalimika. Aliburuta mabaki hayo hadi barazani pa nyumba waliyoijenga upya, akachukua kipande kimoja, akakiweka kiganjani mwa baba yake.

"Hiki nini, baba?"

Mzee akakigeuza, akakipapasa. "Kikono cha klachi. Kimepinda kidogo kushoto, nilianguka nacho njia ya Pundanhar."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu waondoke. Bi Chamima, aliyekuwa anachambua mchele, aliingia ndani ili asionekane akilia.

Baba na binti waliifanya kazi hiyo kwa miezi, kipande kwa kipande, jioni baada ya wateja kuondoka. Mzee aliweka sharti moja tu. Kisiingizwe kitu kigeni mwilini mwa Bi Esa.

Sharti hilo ndilo lililowagombanisha. Injini ilizunguka vizuri, lakini haikutoa cheche. Magineto, ile sumaku yake ya kuzalisha umeme, ilikuwa imekufa kabisa. Haula alitaka kufunga koili na betri za mota za kawaida. Baba yake akakataa katakata.

"Utamtia roho ya mtu mwingine," alimwambia. "Waliomtengeneza wamekufa. Kiwanda kimekufa. Nani atakupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, baba? Si pikipiki?"

Mzee akainuka, akachukua turubai, akamfunika Bi Esa. Wiki nyingi walipitana uani wakisalimiana tu.

Kisha akaja Chaquir.

Chaquir ni mpima ardhi kutoka Nampula, na siku hiyo alileta pancha. Haula alilishika gurudumu, akainua macho kwenye tangi. Pikipiki ilikuwa mpya, inang'aa, na imeandikwa BSA.

"Umeibandika wewe hii?" alimuuliza.

"Ndiyo jina lake, dada. Nilikuwa nafanya kazi Ureno, nikarudi nayo kwa meli."

Akamweleza. Kiwanda cha Birmingham kilikufa kweli, miaka ya sabini. Jina likalala miaka mingi, hadi kampuni ya Kihindi ilipolichukua na kulirudisha barabarani. Pikipiki mpya ya kwanza ilionyeshwa Uingereza mwishoni mwa 2021, mwaka uleule Bi Esa alipoungua Palma.

Haula alimaliza pancha, akakataa malipo. Aliomba kitu kimoja. "Iwashe. Mzee wangu asikie."

Mlio wa kwanza tu, Mzee Mwinyimadi akatokea na fimbo yake, kichwa amekiinamisha upande. "Sauti ni ya ukoo," alisema. "Lakini huyu kasoma. Anaongea polepole."

Akaanza kumpapasa, tangi, kiti, ubavu. Mguu wake ukatafuta kitu chini, ukakosa. "Kiki iko wapi?"

"Haina, mzee," Chaquir akamjibu. "Unabonyeza kitufe."

"Kabureta?"

"Hakuna. Petroli inapimwa na kompyuta."

"Na waliomtengeneza huyu ni wenyewe? Ni BSA?"

"Ni BSA, mzee."

Mzee Mwinyimadi akacheka. Alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. "Wenye jina lao wamebadilika, na mimi nimekaa hapa nawalindia desturi! Haula, mwanangu, iko wapi hiyo koili yako?"

Bi Esa aliwaka Ijumaa, baada ya sala. Haula alipiga kiki mpaka jasho likamtiririka, kisha injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Majirani walitoka. Bi Chamima alipiga kigelegele, kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Haya, mke mwenzangu karudi safarini!"

Mzee akakaa kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani mwake, akamshika binti yake kiunoni. Wakazunguka soko zima.

Leo kazi ya Haula inampatia mlo na karo za wanawe, ingawa kuna wiki ambazo spea hazifiki na mikono inabaki mitupu. Mwakani anataka kurudi Pemba kusomea pikipiki za kompyuta. Sumaia, binti wa jirani, ameshaanza kuja kujifunza, na wengine wanauliza.

Lakini kwanza ipo safari. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Tanzania, anaishi Bi Kurwa, dada pacha wa Mzee Mwinyimadi. Hawajaonana tangu kabla ya vita. Mvua zikikatika na barabara ya Namoto ikikauka, baba na binti watakwenda na Bi Esa hadi mtoni, kisha wavuke.

Mzee alimpigia simu dada yake kumpa habari. Bi Kurwa akauliza swali moja tu: nani ataendesha, maana macho ya pacha wake anayajua.

"Haula," akajibiwa.

"Basi mtafika," akasema Bi Kurwa. "Naanza kunenepesha kuku."