Siku Sentimita aliposhika tena mkasi

Kitambaa cha bluu kimetandazwa mezani, tabaka nne, na karakana nzima inajifanya haitazami. Cherehani zinaunguruma, lakini macho yote yako kwa mwanamke wa miaka thelathini na minane anayekunjua vidole vya mkono wake wa kulia, kimoja kimoja, kabla ya kushika mkasi.

Wenzake wanamwita Sentimita. Ukiingia tu mlangoni ameshakupima kwa macho, kiuno mpaka mabega, na hakosei. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa mkataji wa hapa. Leo anakata kwa mara ya kwanza tangu apigwe na kiharusi, miezi kumi na moja iliyopita.

Mwenye karakana hakumficha. Hizi ni sketi za shule. Akikata sawa, meza ni yake tena. Akipinda, sketi nne zimeharibika kwa mpigo mmoja, naye atabaki kwenye kushona vifungo, alikowekwa tangu arudi kazini, kwa nusu mshahara.

"Ukipinda, shoga, unarudi kwangu," fundi wa vifungo, rafiki yake wa siku nyingi, anamtania. "Na nitakunyanyasa."

Sasa tegua kitendawili hiki: cheupe kimejificha ndani ya cheupe, unakiona kila siku na hukioni. Jibu lilikuwa viganjani mwake. Mkataji hushinda na chaki mkononi, kwa hiyo alivyozidi kupauka hakuna aliyeshtuka.

"Hata nikinawa, weupe ulikuwa hautoki," anasema Sentimita, na kucheka. "Nikasema labda chaki ya siku hizi ni kali."

Dalili nyingine zilikuwepo. Ngazi za karakana zilimhemesha kama amebeba gunia. Alitafuna mchele mbichi kutoka mfuko wa aproni, wenzake wakasema amegeuka kuku. Na kila mwezi alitokwa na damu nyingi siku tisa, akanyamaza, akiona ni mambo ya wanawake.

Asubuhi moja mkasi ukamponyoka. Fundi wa vifungo alidhani amesinzia, mpaka alipoona mdomo umeenda upande. Hawakungoja, walimkimbiza hospitali vilevile alivyo, na futi ya kupimia shingoni.

Kipimo cha damu kilisoma sita, wakati mwanamke mzima hutakiwa kuwa na kumi na mbili kwenda juu. Daktari aliieleza familia taratibu kwamba mwili wake ulikuwa umeishiwa madini ya chuma. Damu ya namna hiyo haibebi hewa ya kutosha, na wakati mwingine chembe zinazoigandisha huzidi, donge likaja kuziba mshipa wa ubongo. Hakuapa kuwa sababu ni hiyo tu, lakini presha, sukari na moyo vilikuwa salama. Aliongezewa damu, akaanzishiwa dawa za chuma, na baadaye akatolewa uvimbe kwenye kizazi, uliokuwa ukimtoa damu ile ya siku tisa.

Maneno yalichelewa kurudi. Mama mkwe wake alikuja kila asubuhi na vitendawili, na hakukubali kutikisiwa kichwa, alitaka neno. Siku ya ishirini na moja akamtegea kinachong'ata kutwa na hakimezi. Sentimita akahangaika na ulimi, kisha akasema: "Mkasi."

"Mimi sikulia," anasema mama huyo. "Nilimwambia, mwanangu, hicho kilikuwa chepesi, ngoja cha kesho."

Leo damu yake ni kumi na mbili na nusu. Ijumaa atawapeleka wanawake saba wa karakana kupimwa. Ameshawaombea ruhusa ya asubuhi nzima, na fundi wa vifungo ndiye wa kwanza kwenye orodha, apende asipende.

Mkasi unaingia kwenye kitambaa. Cherehani moja inanyamaza, kisha nyingine. Kwenye kona ya kiuno vidole vinagoma kufunguka. Anasimama, anavuta pumzi, anakataa kusaidiwa, anaendelea. Kazi ya dakika tano inamchukua robo saa.

Mwenye karakana anachukua kipande cha juu na cha chini, anavilaza pamoja, anapitisha kidole kwenye ukingo mzima. Hasemi hongera. Anasema zinazofuata ni za saizi kubwa.

Sentimita anajifuta jasho na kuvuta jora jingine.

"Zamani nilikuwa nakata tabaka nane," anasema. "Muhula ujao mje mnihesabie."